Majina Nyuma ya Picha: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo vya Tabora

Kwa wakuu wa vyuo vyote vilivyomo Manispaa ya Tabora. Nakala kwa Ofisi ya Mkuu wa Mkoa, na kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

YAH: PICHA ZA ZAMANI ZA MAJENGO YA VYUO VYETU

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeanza kama tulivyofundishwa kuandika barua ya ofisini, ila sitaweza kwenda hivyo hadi mwisho, mtanisamehe. Mimi ni mpiga picha. Tangu 1984 nimesimama mbele ya wahitimu wenu nikiwaambia wanyooshe kofia, wasifumbe macho, yule mrefu arudi nyuma. Kama ulisoma au kufundisha Tabora miaka ile ya mikanda ya filamu, huenda ukutani kwa mama yako pana picha niliyoipiga mimi, na huenda nyuma yake pana muhuri wa studio uliofifia. Kwa hiyo siandiki kama mtaalamu wa nyaraka. Naandika kama fundi aliyeona kazi ya mafundi wenzake ikitupwa motoni.

Mwezi wa nane mwaka jana nilipita kwenye chuo kimoja hapa mjini. Sitakitaja, na mnaokijua nawaomba msinitajie. Jengo la zamani lilikuwa linavuliwa mabati livishwe mapya, na mbele yake palikuwa na lundo: viti vya miguu mitatu, madaftari ya mahudhurio, maboksi ya chaki yaliyolowa, mafaili. Kijana wa mkandarasi alikuwa akichochea moto kwa kipande cha nondo. Nikaona pembe ya albamu, zile za kurasa nyeusi zilizotenganishwa na karatasi nyembamba kama utando. Nilimwomba. Akaniambia, "Chukua tu mzee, hayo makaratasi." Nikampa elfu mbili ya soda, nikaondoka nayo chini ya kwapa bado ina joto.

Ndani ya albamu mlikuwa na picha 61. Msingi unachimbwa. Tanuru la matofali linafuka moshi. Kina mama wana madebe ya maji kichwani, wamejipanga mstari mmoja, na wa mbele kabisa anacheka na mtu ambaye kamera haikumchukua. Kuta zinapanda, jukwaa la miti limefungwa kwa kamba za magome. Mwishoni jengo limekwisha, limepakwa chokaa, halina mtu mbele yake, limekaa kama bibi harusi anayesubiri kuitwa.

Katikati ya albamu ipo picha moja ambayo ndiyo hasa iliyoniandikisha barua hii. Wanaume saba wamesimama juu ya ukuta usiokwisha. Mmoja ameshika mwiko, mmoja timazi, mmoja amevaa kofia ya pama iliyoraruka ukingo. Nyuma ya picha pameandikwa kwa kalamu ya wino, kwa Kiingereza, kwamba huo ni upande wa magharibi wa jengo, kisha jina la mhandisi Mzungu. Mhandisi mwenyewe kwenye picha hayumo. Watu saba waliomo hawakutajwa hata mmoja.

Yule wa timazi nilimtambua. Si kwa sura, maana nilimkuta mtu mzima tayari, bali kwa kusimama: alikuwa na tabia ya kuweka uzito wote mguu mmoja kama korongo. Alikuwa jirani yetu Isevya. Nikaenda kwa mjane wake, bibi aliyevuka miaka themanini, nikamwekea picha mapajani. Hakunijibu kitu kwa muda. Halafu akaanza kutaja. Alitaja wanne kati ya saba: mumewe, shemeji yake, mtu wa Sikonge aliyekuwa akija na baiskeli kila Jumatatu na kibuyu cha asali cha kuuza, na mwingine aliyejifunza uashi kwa mapadre kule Kipalapala, ambaye wenzake walimcheka kwa sababu kila asubuhi alipima ukuta wa jana upya. Majina sitayaandika hapa, wajukuu wao hawajaniruhusu. Lakini nimeyaandika nyuma ya nakala, kwa penseli.

Bibi akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Aliweka kidole kwenye pembe ya chini ya picha nyingine, pale panapoonekana mstari wa mawe, akasema, "Huu mfereji wao waliuchimba wiki tatu. Bila huu maji yote ya kule juu yangeingia ndani." Nikatazama vizuri. Kweli, ni mfereji wa mawe uliopita nyuma ya jengo, umeinama kuelekea bondeni. Leo pale pamemwagwa zege, wanaegesha magari. Na kila mvua za Januari zikichachamaa, chuo kile huhamisha vitabu vya rafu za chini kwa sababu maji huingia maktabani. Nimewahi kuitwa nipige picha za hasara yenyewe. Wameshabadilisha milango, wameinua vizingiti, wamepaka lami ukutani. Chanzo kilikuwa kwenye albamu iliyokuwa inachomwa.

Mtaniambia hiyo ni bahati tu, picha moja na mfereji mmoja. Sawa. Lakini niambieni, ni nani mwingine mjini hapa anayejua bomba la kwanza lilipita wapi, kisima kilifukiwa wapi, ukuta upi ulijengwa kabla na upi uliongezwa baadaye? Ramani za ujenzi wa miaka ile wengi wenu hamnazo. Walioshika mwiko wengi wamekwisha kufa. Kilichobaki ni picha, na kina bibi kama huyu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi.

Nikiwa nimekaa kibarazani Gongoni, na bando la shilingi elfu moja kwenye simu, naweza kuiona nchi hii ya enzi ya Mjerumani kuliko ninavyoweza kuiona ya mwaka niliozaliwa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka wazi hazina ya picha za kilichokuwa Chama cha Kikoloni cha Ujerumani, picha kama 55,000. Mwaka 2008 Nyaraka za Shirikisho za Ujerumani ziliachia mtandaoni makumi ya maelfu ya picha, na ndani yake zimo za Walther Dobbertin, aliyezunguka huku na kamera yake enzi ya Wajerumani, reli ya kati ikijengwa kutoka Dar es Salaam kuja kwetu. Reli ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914, na wenye reli hawakuisahau kamera. Waingereza nao, kwenye hifadhi yao ya nyaraka kule Kew, London, wamefungua albamu za Wizara yao ya Makoloni. Mapadre Weupe, wale wamisionari Wakatoliki, wana nyaraka zao Roma. Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani kina mkusanyo unaoitwa wa Winterton, picha 7,610 za Afrika Mashariki, kuanzia 1860 hadi 1960.

Utazameni ule mwaka wa mwisho. 1960. Mkusanyo unaishia pale sisi tulipokuwa tunataka kuanza.

Hiyo ndiyo hali tuliyo nayo. Mtoto wa Ipuli akitaka kuona boma, stesheni, askari wamepanga mstari, atapata. Akitaka kuona bweni alilolala baba yake mwaka 1974, au ukumbi alioozwa mwalimu wake, au mwembe uliokuwa mbele ya ofisi ya mkuu wa chuo kabla haujakatwa, atatafuta mpaka macho yamtoke. Na hili hatuwezi kumsukumia mkoloni. Miaka hiyo kamera ilikuwa mikononi mwetu, picha zilikuwa kwenye makabati yetu, na wenye funguo za makabati walikuwa sisi.

Wenzetu wa Mlimani wana nafuu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, wanafunzi hawafiki hata ishirini, kikahamia mlimani 1964, na hatua zile zina picha zinazojulikana. Ukumbi wao wa Nkrumah umefika hadi nyuma ya noti ya shilingi mia tano ya mwaka 2011. Kwa hiyo ulizungukia kila sokoni nchi hii, mkononi mwa muuza nyanya na wa kondakta. Sisi wa bara hatudai noti. Tunadai kabati moja lisilovuja.

Na hata pale picha zetu zinapotunzwa, mara nyingi zinatunzwa kwa ajili ya mtu mmoja. Shule ya Tabora inatafutwa kwa sababu Mwalimu Nyerere aliingia pale 1937. St. Mary's inatajwa kwa sababu alirudi kufundisha pale baada ya Makerere. Ni haki yake, wala sipunguzi. Lakini nimeona picha ya darasa ikikatwa kwa mkasi, jamani, kwa mkasi, ili abaki mheshimiwa mmoja aliyekuja kuwa mkubwa, na wenzake kumi na tisa wakaingia kwenye ndoo ya taka. Aliyekata alidhani anaitunza historia.

Niseme kidogo kuhusu namna picha inavyokufa, maana hapa ndipo nilipokula chumvi yangu.

Picha nyeusi na nyeupe iliyosafishwa na mtu asiye mvivu, ikaoshwa kwa maji ya kutosha baada ya dawa, itaishi kuliko aliyeipiga. Za rangi za miaka ya 1970 na 1980 ndizo zinazotia huruma. Mkanda tuliupeleka mji mwingine kusafishwa, tukasubiri wiki mbili, zikirudi tunashangilia. Leo zifungue: samawati imetangulia kufa, kilichobaki ni wekundu, mahafali yote yanaonekana kama yalifanyika jua linazama. Zile mnazo nyingi, na hizo ndizo za kukimbilia kwanza, kabla hata ya zile kongwe za Mjerumani mnazopenda kuwaonyesha wageni.

Halafu albamu za plastiki zenye gundi. Zilipoingia tulizipenda mno, unainua plastiki, unabandika, unafunika, imekwisha. Ile gundi hula picha. Ukija kuibandua baada ya miaka ishirini inatoka na ngozi ya uso. Msibandue kwa nguvu; pigeni picha ukurasa mzima kwanza kama ulivyo, ndipo mtafute uzi mwembamba wa kupitisha chini yake taratibu.

Kuna hili la leminesheni. Nawaombeni sana. Kila nikiingia ofisi ya chuo nakuta picha ya waanzilishi imechomwa ndani ya plastiki kama kitambulisho, na aliyefanya anajivuna kwamba sasa haitaharibika. Imekwisha haribika pale pale. Ule moto na ile gundi haviondoki tena, na unyevu uliokuwa ndani umefungiwa humo humo. Kama mna hamu ya plastiki, wekeni nakala.

Mkanda wa negativu ukinuka siki, mtengeni mbali na wenzake, maana ugonjwa ule huambukiza kabati zima. Kalamu ya bik nyuma ya picha hapana, huchimba karatasi na mistari hutokea mbele usoni mwa watu. Tumieni penseli laini. Kabati lisigusane na ukuta wa nje, na miguu yake iwe juu ya kitu, maana mchwa wa Unyamwezi mnawajua, hawaulizi kama ni mti au ni historia.

Na msije mkafikiri ugonjwa ni wa vitu vya zamani tu. Mwaka 2006 nilinunua kamera ya dijitali nikajiona nimeokoka. Nikaacha kusafisha. Mwaka 2011 diski ya kompyuta niliyohifadhia picha ilianguka kutoka mezani, nusu mita haifiki, na mahafali ya miaka mitatu yakaenda nayo. Nilikuwa sina nakala nyingine. Wahitimu waliokuja kuniuliza niliwadanganya kwamba fundi wa Mwanza anaishughulikia. Hilo ni langu, nalikiri hapa mbele ya kadamnasi. Nawaambia ili mjue kwamba chuo kilichozaliwa juzi kiko hatarini vilevile, pengine zaidi. Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kilianza 2010. Historia yake yote imo kwenye simu. Simu za 2010 ziko wapi leo? Zimeuzwa, zimeibiwa, zimeangukia chooni. Lakini kina bahati ambayo vingine havina: waliokianzisha bado wapo, na wanafunzi wa kwanza wana miaka thelathini na kitu, wako kwenye makundi ya WhatsApp. Kuwaomba kila mmoja atume picha tatu za mwaka wake wa kwanza, na majina, ni kazi ya jioni moja.

Nikiwa hapo hapo, chuo kile kinajulikana kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu. Nilikuwa sijawahi kuliwaza hili mpaka kijana mmoja asiyeona aliponiomba nimsomee picha ya jengo analosomea. Nikaanza kumwambia: ni jengo refu. Akasema, "Hilo nalijua, nalitembea kila siku. Nani yupo mbele yake?" Sikuwa na jibu. Maelezo yaliyoandikwa vizuri, nani yupo, amesimama wapi, ameshika nini, yanamfaa yule asiyeona na yanatufaa sisi tunaojidai tunaona.

Basi ninachoomba.

Msianze na mashine. Najua mkutano wenu wa kwanza utakuwa wa bajeti ya skana, kompyuta, na mtu wa kuja kurusha droni. Skana ya kawaida ya mezani inatosha, nukta 600 kwa inchi, faili lihifadhiwe kubwa bila kubanwa, nakala sehemu tatu na moja yake iwe nje ya jengo. Hayo kijana yeyote wa duka la fotokopi anaweza kufanya. Kisichosubiri ni majina. Skana itakuwepo mwaka ujao na itakuwa bei rahisi zaidi. Bibi wa Isevya hatakuwa na miaka hiyo hiyo.

Wekeni siku. Pale ukumbini kwenu, Jumamosi, chai na mihogo, mwalike wapishi wa zamani, walinzi, makarani, mafundi, waosha nguo, wake zao na watoto wao. Si maprofesa tu na wageni rasmi. Wakija wa vyeo watakaa mbele na hotuba zitakula muda wote. Tandazeni nakala mezani, si zile halisi, na karatasi kando yake. Mtu akimtambua mtu aandike, na asiyeandika asaidiwe na mwanafunzi. Wakibishana, waacheni wabishane, andikeni yote mawili. Mbishano wa wazee wawili juu ya nani alikuwa dereva wa lori la chuo una habari nyingi kuliko taarifa ya mwaka ya mkuu wa chuo.

Kwenye mkataba wa kila mkandarasi wekeni kifungu kimoja: kabla hujavunja, kabla hujapaka, piga picha kila upande, ndani na nje, na kabla hujachoma kitu chochote kilichotoka kabatini, mwite mkutubi. Mji wetu unabadilika kwa kasi, reli mpya inakuja, vyuo vinaongeza majengo, na sisemi msijenge. Nilipiga picha za uzinduzi wa majengo yenu mengi na nililipwa. Nasema simameni pale aliposimama mpiga picha wa zamani, mpige tena kutoka pale pale, ili atakayezilinganisha aone mfereji umekwenda wapi.

Kwenu Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka: Sheria Namba 3 ya 2002 ipo, na kumbukumbu za umma haziteketezwi kwa amri ya kijana mwenye nondo. Tunaomba mje mkae na makarani wa masjala wa vyuo vya umma hapa, siku mbili tu, muwaeleze kwamba picha nayo ni kumbukumbu. Wengi wanadhani kumbukumbu ni barua yenye muhuri. Vyuo vya dini na vya watu binafsi vina taratibu zao, lakini nao wakialikwa hawatakataa chai.

Ofisi ya Mkuu wa Mkoa ingeweza kuandika barua moja Frankfurt, moja Roma, moja Kew. Hatuombi watume picha zenyewe. Nyingi tunaziona tayari. Tunaomba tuwatumie majina. Kwenye maelezo yao mengi imeandikwa mwenyeji, mpagazi, fundi, umati. Sisi tunaweza kuwaambia lile jengo ni lipi leo, ule mlima ni upi, na pengine yule mpagazi ukoo wake uko Kiloleni na ukitaka kusalimiana nao utapikiwa ugali. Itakuwa mara ya kwanza Tabora inapeleka kitu kwenye makabati yale kwa hiari yake.

Jambo la mwisho ni la adabu. Picha yenye watu ina wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu walio hai, na hata bila sheria, si kila mtu anafurahi kuona sura yake ya ujana mtandaoni, na kuna waliopigwa wakiwa kwenye adhabu, kwenye msiba, kwenye maandamano. Ulizeni. Na familia ikimtambua mtu wao, wapeni nakala nzuri bila malipo. Nimeona mtu akitozwa elfu kumi kwa picha ya marehemu babake. Aliyetoza alisema ni gharama ya karatasi. Karatasi ile mimi nainunua, najua bei yake.

Mimi nina maboksi manane ya negativu nyumbani, ya 1984 hadi 2005, mahafali, majengo, ziara za mawaziri, mechi za vyuo, jiko linalowaka moto mwaka ambao hakuna anayekubali lilivyoanza. Nitayatoa yote kwa chuo kitakachokuwa cha kwanza kuniandikia, kwa sharti moja: yasifunguliwe bila mimi kuwepo, maana kwenye bahasha nilikuwa naandika kwa vifupisho ambavyo hata mke wangu alishindwa kuvisoma. Niko Gongoni, ulizeni studio ya zamani iliyo karibu na mashine ya kusaga. Njooni asubuhi. Mchana macho yangu hayashiki tena vitu vidogo.

Albamu ile ninayo, imefungwa kwenye kanga. Bibi amesema mvua zikianza atakwenda kwa binti yake Urambo, kwa hiyo kila Ijumaa nampelekea picha ile ya mafundi saba juu ya ukuta naye anaitazama wakati ninakunywa chai yake. Wawili kati ya watatu waliobaki anasema hawajui kabisa, hawakuwa wa mtaani kwao. Yule wa kofia ya pama anamkumbuka, aliwahi kuazima jembe na akalirudisha limevunjika mpini. Jina linamjia na kuondoka. Ameniambia nisimharakishe.

Wasalaam,
Mpiga picha wa Gongoni, Tabora